Hofu ya Mwenye Yakini

Katika jimbo la Ohio, nchini Marekani, pana rasi nyembamba ya mchanga iliyojinyoosha ndani ya Ziwa Erie karibu na mji wa Sandusky, na juu ya rasi hiyo, mahali paitwapo Cedar Point, watu wamekuwa wakija kuoga na kujiburudisha tangu mwaka 1870. Leo mwenye kuikaribia huona kwanza, kabla ya nyumba wala miti, milima ya chuma ya bustani ya burudani iliyoko hapo. Na mmojawapo wa milima hiyo, uliofunguliwa mwaka 1989 kwa jina la Magnum XL-200, ulikuwa siku zile rola kosta, yaani reli ya mchezo ya kupanda na kushuka, ya kwanza ya namna yake duniani kupita kimo cha futi 200, yaani mita zipatazo 61. Nataka kuuzungumza mlima huo, walakini si kwa sababu ya kimo chake, maana kimo hicho kimekwisha kupitwa mara nyingi na milima iliyojengwa baadaye, hata katika bustani ile ile. Nauzungumza kwa sababu juu yake lilinijia, likiwa limevaa mwili wangu mwenyewe, swali ambalo wanavyuoni wamelishughulikia kwa karne nyingi: je, mtu aweza kuwa na yakini ya jambo, na papo hapo akaliogopa? Na kama aweza, hofu ile ni dalili ya upungufu wa yakini yake, au ni dalili ya kitu kingine kabisa?

Mchezo huu una nasaba iliyo karibu na dini kuliko wengi wanavyodhani. LaMarcus Thompson, aliyezaliwa katika jimbo hilo hilo la Ohio mwaka 1848, alikuwa Mkristo mcha Mungu, na yasimuliwa kwamba alipofungua reli yake ya vilima huko Coney Island, New York, mwaka 1884, nia yake ilikuwa kuwapa vijana burudani safi itakayowavuta watoke katika vilabu vya pombe na majumba ya ufisadi. Nauli ilikuwa senti 5, na mwendo kilomita zipatazo 10 kwa saa, ambao leo hata mtoto mwenye baiskeli huushinda. Kwa miaka mingi reli za namna hiyo zilijengwa kwa mbao, hata mwaka 1959 kampuni ya Arrow ya California ilipotengeneza, kwa ajili ya mlima wa Matterhorn katika bustani ya Disneyland, reli ya mabomba ya chuma, ambayo fundi aweza kuikunja kwa umbo alitakalo na magurudumu yakaikumbatia kwa pande tatu: juu, ubavuni na chini. Gurudumu la chini lastahili kukumbukwa kuliko mengine, kwa kuwa ndilo liizuialo treni isiruke ikaiacha reli yake; hati ya uvumbuzi wake aliipata John Miller mwaka 1919, na tangu hapo mtu anayepanda mlima uliotunzwa vyema hana sababu ya akili ya kuogopa kurushwa. Ana sababu nyingine, na hizo ndizo nizitafutazo.

Niliupanda mlima wa Magnum pamoja na mpwa wangu akaaye Columbus, na kabla ya kupanda nilikuwa nimesoma kila nilichokipata juu ya ujenzi wake. Nilijua kwamba treni haina injini. Kwamba mnyororo ulio katikati ya reli huikokota hadi kileleni na kuiachia, na toka hapo hadi mwisho, katika reli ya urefu wa mita zaidi ya 1,500, haina nguvu nyingine ila ile iliyowekewa akiba na kimo. Nilijua kwamba ule mlio wa tak, tak, tak usikikao wakati wa kupanda, ambao huwatia watu kiwewe, ndio mlio wa usalama wenyewe, kwa kuwa ni ulimi wa chuma ulio chini ya behewa uangukao katika jino baada ya jino la chuma kilicholazwa sambamba na mnyororo, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Nilijua kwamba reli imegawanywa vipande, wala treni haiingii katika kipande ambacho nyingine haijakitoka, na kwamba breki zake hufunguliwa kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, hata hewa hiyo ikikosekana zikafunga zenyewe. Mtumishi wa pale, kijana wa makamo ya mpwa wangu, alipita akilisukuma kwa kiganja pao la mapajani la kila abiria, kisha akalivuta kwenda juu kulijaribu, na kuutikisa mkanda. Langu alilifanya kama alivyolifanya la mtu wa mbele na la mtu wa nyuma, bila ya haraka na bila ya kututazama usoni. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, ukiona taabu fumba macho." Sikuyafumba.

Kileleni ziwa lote lilifunuka, maji ya rangi ya risasi yasiyoonyesha ng'ambo, na watu wa ufukweni wakawa wadogo hata nisiweze kuwapambanua mume na mke. Mnyororo ukanyamaza. Mabehewa ya mbele yalikuwa yamekwisha kupindukia upande wa pili na letu lingali lapanda, pakawa na kitambo cha ukimya ambacho sikukitazamia; kisha tukaachiwa. Mteremko ule una mita 59 hivi, umesimama kwa nyuzi 60, na treni ifikapo chini yake huwa yaenda kilomita zipatazo 116 kwa saa. Mikono yangu ililikamata pao hata damu ikakimbia katika vidole, ilhali nalijua wakati ule ule, tena bila ya utusitusi wowote, kwamba kukamata kwangu hakuongezi hata chembe moja ya usalama, na kwamba pao ndilo linishikalo mimi wala si mimi nilishikaye pao. Ilimu yangu ilikuwapo yote. Sikutia shaka kwamba nitashuka salama, na lau mtu angalinitaka pale pale niweke rehani nyumba yangu kwa jambo hilo, ningaliiweka. Na niliogopa hofu kubwa, hofu yenye ladha ya chuma kinywani.

Mwishoni mwa safari, treni irudipo ilikotoka, vimefuatana vilima vifupi vyenye ncha, na juu ya kila kimoja mwili huinuka kitini ukabaki umezuiwa na pao peke yake. Hapo matumbo, ambayo siku zote huelemeana kwa uzito wake, huacha kuelemeana, na mtu huhisi utupu chini ya mbavu. Ndio utupu ule ule uhisiwao na aangukaye kutoka juu ya mnazi, kwa sababu kwa kadiri mwili unavyoweza kutambua, huko ni kuanguka kweli. Tofauti iko katika mwisho wake tu, na mwisho mwili hauujui. Akili ndiyo iujuayo. Basi katika kiti kimoja wamekaa wawili, mmoja aliyepewa habari ya mwisho na mwingine asiyepewa, na huyu asiyepewa hasikii maneno.

Ibn Sina, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliliona jambo hili bila ya reli wala treni. Aliandika kwamba mtu aweza kutembea juu ya ubao uliolazwa chini na asiwaze lolote, na ubao ule ule ukitandikwa juu ya shimo refu kama daraja, miguu ile ile yaweza kumsaliti, kwa kuwa ile nguvu ya nafsi inayosawiri mambo imeshasawiri kuanguka, na viungo huitii sawiri hiyo kabla ya kuisikiliza akili. Pascal wa Ufaransa, miaka mia sita hivi baadaye, alichukua mfano huo akampandisha ubaoni mwanafalsafa mkubwa kuliko wote, akaupanua ubao kuliko haja, na bado akashuhudia kwamba akili itamhakikishia mtu huyo usalama wake na dhana itamshinda. Mimi namwona Ibn Sina kuwa mpole zaidi kati ya hao wawili. Pascal aliutumia ubao kuiaibisha akili ya mwanadamu, ilhali Ibn Sina alitaka tu tufahamu kwamba nafsi ina nguvu nyingi, kila moja na kazi yake, na kwamba nguvu moja kutimiza kazi yake si uasi juu ya nyingine.

Ushahidi wa karibu zaidi wa maneno hayo ni mtu aliyeusanifu mlima wa Magnum wenyewe. Ron Toomer, mhandisi wa kampuni ile ya Arrow, alikuja katika kazi hiyo akitoka katika viwanda vya roketi, akasanifu makumi ya milima ya chuma, na mingine ikawa ya kwanza duniani kwa jambo hili au lile. Hapakuwa na mtu aliyejua kuliko yeye kila mpindo unamwelemea abiria kwa uzito gani. Naye, kama alivyokiri hadharani, alikuwa mwepesi wa kuchafukwa na tumbo kwa mwendo, na milima yake mwenyewe aliipanda kwa nadra sana. Kama ilimu peke yake ingalitosha kuutuliza mwili, ungalitulia kwanza mwili wa Toomer. Haukutulia, wala kutotulia kwake hakukutia kosa katika hesabu zake.

Hapa ndipo nitenganapo na waadhi wengi wa zama zetu, ambao husema juu ya mimbari, tena kwa sauti ya mtu aliyemaliza mas'ala, kwamba mwenye imani kamili haogopi, na kwamba moyo unaodunda ni moyo wenye shaka. Nauliza: Nabii Musa alikuwa na upungufu gani wa imani pale fimbo yake ilipogeuka nyoka? Alikuwa akisemeshwa na Mola wake. Hapana binadamu mwenye hoja iliyo wazi kuliko hiyo. Na Kurani yatueleza kwamba aligeuka akakimbia wala hakutazama nyuma. Hakukemewa kwa kukosa imani. Aliitwa arudi, akaambiwa asiogope, akaamrishwa amshike nyoka, naye akamshika. Hata baadaye mbele ya wachawi wa Firauni, baada ya kuyaona yote hayo, Kitabu kinasema alihisi hofu katika nafsi yake, na tena akatulizwa. Na Nabii Ibrahimu, alipoomba aonyeshwe namna wafu wanavyohuishwa, aliulizwa kama hajaamini, akajibu kwamba ameamini, lakini ataka moyo wake utulie. Basi imani ilikuwapo na utulivu haujafika. Mambo mawili, na mja mwema aliweza kuwa na moja akiliomba la pili bila ya kuona haya. Mimi sijui vipi mtu aweza kuzisoma habari hizo kisha akamwambia mwenzake kwamba kutetemeka kwake ni ushahidi juu ya dini yake.

Imamu Ghazali, katika robo ya mwisho ya kitabu chake Ihya, alizipanga daraja za tawakali, yaani kumtegemea Mungu, kuwa tatu. Ya kwanza ni ya mtu na wakili wake katika kesi, ambaye amemwamini kwa kuwa ameujua uhodari na uaminifu wake. Ya pili ni ya mtoto mchanga na mama yake, asiyemjua mwingine wala kumkimbilia mwingine. Na ya tatu ni ya maiti mikononi mwa mwoshaji. Nimeifikiri sana daraja ya pili tangu siku ile ya Ziwa Erie. Kila mkunga, na kila mama aliyelea, amekwisha kuona kwamba mtoto wa siku chache, akishushwa ghafula kidogo tu hata kichwa chake kikapungukiwa na mkono wa kukitegemeza, hutanua mikono yake yote miwili, vidole wazi, kisha huikunja kifuani kama adakaye kitu, na aghalabu hulia. Hufanya hivyo mikononi mwa mama yule yule ambaye Imamu amemfanya kuwa kipeo cha kuaminiwa. Hajafundishwa kuogopa kuanguka, wala hajapata kuanguka. Amezaliwa nayo hofu hiyo pamoja na pumzi. Na nani atasema kwamba mtoto huyo, kwa kutanua mikono, amemtilia mama yake shaka? Atalia, na katika kilio hicho atazidi kujikumbatisha kifuani mwa yule yule aliyemshusha. Basi hata katika daraja ile ya pili, ambayo wengi wetu hatutaifika maishani, hofu ya mwili imo, na tawakali haikuvunjika.

Nayasema haya kwa sababu nimeona madhara ya kauli iliyo kinyume chake. Shangazi yangu, mwanamke ambaye sikupata kumjua siku aliyoiacha sala ya alfajiri akiwa na nguvu za kusimama, alilazwa hospitali apasuliwe, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa akitetemeka, mikono haikubali kushika kikombe. Waliokuja kumtazama walikuwa watu wa heri, na walikusudia heri; wakamwambia, "Bi mkubwa, vipi wewe unaogopa? Imani yako iko wapi?" Naliuona uso wake ulivyobadilika. Walimkuta na hofu moja wakamwacha na mbili, kwa kuwa sasa aliiogopa na hofu yake yenyewe, akaanza kuipekua nafsi yake usiku ule, saa ambazo zilimfaa kulala, akitafuta lini na wapi alipoipoteza dini yake. Hakuwa ameipoteza. Alikuwa amekubali kupasuliwa, ametia alama ya kidole katika karatasi, amewausia watoto wake, amesoma alichozoea kukisoma. Kila ambalo tawakali yamtaka mtu alitende, alilitenda, na mwili wake ukafanya kazi ya miili. Lau ningalijua siku ile ninayoyajua leo ningaliwajibu wageni wale kwa maneno, badala ya kuondoka nje kwa hasira.

Watakuwako watakaosema kwamba naitafutia rola kosta heshima isiyo yake, na kwamba mtu aliyepewa hofu na Muumba ili imlinde hana ruhusa ya kuinunua kwa fedha aichezee. Hoja ya kwanza nitaijia. Ya pili sioni uzito wake. Watoto wetu hupanda mapembea siku za Sikukuu, Mnazi Mmoja Unguja na Makadara Mombasa, wakapiga mayowe na kushuka wakicheka, na wazee wetu hawakuacha kuwapa senti za kupandia. Aliye na maradhi ya moyo akatazwa, na aliye mzima akaachwa acheze. Wengine nao watautaka mfano wa kadari, kwamba reli imekwisha kuwekwa na abiria hana ila kwenda inakokwenda. Mfano huo siukubali hata kidogo. Abiria wa Magnum hakukalifishwa lolote. Hana amri ya kutii wala katazo la kuepuka, na akae vyema au vibaya hafiki mahali pengine. Mwanadamu duniani amekalifishwa, na atakayemfundisha kwamba yu kitini amefungwa pao amemwondolea sala, zaka na toba kwa pamoja.

Nije basi katika hoja ya heshima. Tawakali ya abiria ni tawakali ya namna gani? Ni ya daraja ya kwanza tu, ile ya wakili, wala haiwezi kupanda zaidi, kwa sababu yule aliyeaminiwa ni mtu, na mtu huaminiwa kwa kadiri ya ushahidi. Chuma hakina ahadi. Kila asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, mafundi wa bustani huikagua reli na magurudumu, wakatafuta ufa katika mahali palipolehemiwa na bolti iliyolegea. Kisha treni hupelekwa tupu, mara baada ya mara, kabla ya kupandishwa mtu. Na juu yao wako wakaguzi wa serikali ya jimbo, ambao huko Ohio, kwa taratibu za sheria zao, wako chini ya Wizara ya Kilimo. Abiria hawajui hao kwa majina wala kwa nyuso. Amewapa roho yake nao wameipokea kama amana, na yule kijana aliyelivuta pao langu kwa namna aliyolivuta la kila mtu, bila ya kunitazama, ndiye aliyekuwa wa mwisho katika safu ndefu ya watu waliopokezana amana hiyo tangu dawati la Toomer. Mkono wake mzito ulinitosheleza kuliko ambavyo tabasamu lingalinitosheleza.

Kwa hiyo juu ya Mungu rola kosta haina la kutufundisha, maana Yeye hakaguliwi asubuhi, wala tawakali Kwake haingojei ripoti ya fundi. Juu ya miili yetu ina la kutufundisha, nalo ni hilo moja nililolieleza, kwamba mwili waweza kulia mbele ya jambo ambalo akili imelithibitisha na moyo umeliridhia. Na juu ya wanadamu wenzetu yatudai haki: madhali mafundi wale wanaitimiza kazi yao, abiria atetemekaye na kubaki kitini amewaamini sawasawa na yule ainuaye mikono akicheka. Siku watakapoacha kuipita reli ile asubuhi kwa taa na spana, hapo kushuka na kuondoka itakuwa ndiyo busara, na atakayeshuka asilaumiwe kwa imani haba, bali waulizwe waliobaki wamebaki kwa ushahidi gani.